Mchungaji aliyejua kwamba anapelelezwa aliishi vipi na waumini wake?

MleziWaVijana, Kigumba:
Ndugu zangu, nimepewa kazi ya kuwaeleza vijana wa kanisa letu maisha ya watumishi wa Mungu chini ya serikali za Kikomunisti za Ulaya Mashariki. Habari za Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa hapa Uganda wakati wa Idi Amin, wanazijua, maana kila tarehe 16 Februari tunamkumbuka nchi nzima. Lakini utawala wa Amin haukuwa wa Kikomunisti, nami sitaki kuchanganya mambo. Linalonisumbua ni hili: padre au mchungaji aliyejua kwamba miongoni mwa wanaopokea sakramenti mikononi mwake yumo anayepeleka maneno yake kwa wakubwa, aliwezaje kuhubiri, kuungamisha na kula kwa watu?

MzeeWaParokia:
Mwanangu, anza na Poland. Tangu 1963 idara ya usalama ilimfungulia jalada kila kijana aliyeingia seminari, hata kama hajatenda lolote, na jalada hilo likamfuata katika upadre wake. Padre Jerzy Popiełuszko wa Warsaw, aliyeongoza misa za kuiombea nchi, alipekuliwa nyumbani Desemba 1983, na vikapatikana vilipuzi na vipeperushi ambavyo makachero wenyewe walikuwa wameviweka. Tarehe 19 Oktoba 1984 maafisa watatu wa wizara ya mambo ya ndani walimteka barabarani, na mwili wake ukaopolewa siku kumi na moja baadaye katika bwawa la mto Vistula. Dereva wake alikuwa amejirusha kutoka ndani ya gari la watekaji likiwa mwendoni; naamini bila ujasiri wa mtu huyo kesi ile isingefika mahakamani.

BintiMchungaji, Jinja:
Mzee wangu, nakuheshimu, ila kifo cha padre hakijibu swali la ndugu yetu, kwa kuwa wengi hawakuuawa. Waliishi hivyo miaka na miaka. Mwaka 1989 Stasi, polisi wa siri wa Ujerumani Mashariki, ilikuwa na watumishi wapatao 91,000, na watoa habari wa siri karibu mara mbili ya hao, wakiwemo wachungaji. Mchungaji Joachim Gauck wa Rostock, aliyekuja kuwa rais wa Ujerumani, ambaye Stasi ilimpeleleza, alipewa katika jalada lake jina la Larve, yaani buu. Tarehe 9 Oktoba 1989, chama tawala cha Kikomunisti kilipotuma mamia ya wanachama wake wajaze viti vya kanisa la Mtakatifu Nikolai mjini Leipzig, mchungaji Christian Führer aliwakaribisha, nao wakasikiliza Injili pamoja na wengine.

Hilo nalielewa kwa sababu ya nyumbani kwetu. Katika miaka ya 1970 alikuwapo mtu aliyekaa benchi la tatu kila Jumapili na kidaftari chake, na sote tulijua kilichomleta. Baba alianza kuandika mahubiri yake neno kwa neno, na ibada ikiisha alimpa nakala, ili asije akaandika ambalo halikusemwa. Kisha mtu huyo alikaribishwa chai, na mimi ndiye niliyemmiminia maji ya kunawa.

MleziWaVijana, Kigumba:
Asanteni sana. Dada yangu, je, aliwahi kuikataa nakala ile?

BintiMchungaji, Jinja:
Mara moja tu, Jumapili ambayo baba alihubiri juu ya Petro kumkana Bwana.