Binti wa gredi ya nane anataka kambi ya wanyama Laikipia likizo ya Agosti, nimuache aende?

MamaK_Donholm
Wazazi wenzangu hamjambo, naomba ushauri na mnisomee hadi mwisho kwa sababu hii kitu imenikalia kichwani. Binti yangu ako gredi ya nane, ana miaka 13, na shule yao imeleta barua ya kambi ya likizo ya Agosti, siku tano, wanatoka Nairobi asubuhi na basi mpaka upande wa Nanyuki. Watalala kwa hema, watapanda kilima, watatembea ile daraja ya juu ya miti kule msitu wa Ngare Ndare na kuogelea kwa yale maji ya bluu, halafu siku mbili nzima ni "kujitolea kutunza wanyama". Bei ni 28,000, nusu inalipwa mapema.

Pesa tutajipanga na babake, si hiyo inanikosesha usingizi. Mtoto hajawahi kulala mbali isipokuwa kwa shosho yake Murang'a. Ana pumu, si kali sana lakini baridi ikishika hatutoki nyumbani bila inhela. Na hiyo sehemu ya wanyama ndio sielewi kabisa, barua inasema tu "watoto watapata nafasi ya kushika na kulisha wanyama", sasa wanyama gani? Chini wameweka picha ya msichana amekumbatia mtoto wa duma.

Lakini huyu mtoto anapenda wanyama jamani. Kuna paka wa ploti hawana mwenyewe, kila asubuhi kabla basi ya shule ifike anawawekea maji kwa kopo la blubandi, na mmoja alipovimba jicho alimfuata mlinzi hadi akapata mtu wa kumpeleka kwa daktari. Anataka kuwa daktari wa mifugo. Kumkatalia kunaniuma. Babake anasema aende akomae, mamangu anasema mtoto wa kike hapelekwi porini. Mnasemaje?

BabaWawili254
Mwache aende mama. Huo umri wakikaa nyumbani Agosti yote ni simu na kitanda. Wangu alienda kambi kama hiyo akiwa gredi ya saba, usiku wa kwanza alilia, baadaye tukapiga simu tukaambiwa yuko mtoni hana time na sisi. Mimi ningeuliza tu habari ya gari. Dereva ni mmoja ama wawili, na siku ya kurudi wanatoka huko saa ngapi, kwa sababu wakiondoka Nanyuki saa kumi ujue Thika Road mtaikuta giza imeingia na jam juu yake. Sema wazi hutaki mtoto barabarani usiku.

Wa_Mifugo_Kiambu
Dada, mimi kazi yangu ni wanyama na hiyo picha ya duma imenishtua, naomba uisimamie hapo kabla hujatuma hata shilingi. Mtoto wa duma hakumbatiwi na watoto wa shule hapa Kenya. Mnyama wa porini huwezi kumuweka bila kibali, sheria ya wanyamapori ya 2013 iko wazi, na mahali panapomtunza yatima kwa nia ya kumrudisha porini hapataki azoee mikono ya kila mgeni.

Angalia hapa kwetu tu Nairobi, wale ndovu yatima wa Sheldrick pale mbugani. Wageni wanaingia saa tano mpaka saa sita mchana, wanasimama nyuma ya kamba, wanaopeana maziwa ni walezi wenyewe, kila masaa matatu usiku na mchana, na wanalala nao kwa zizi moja. Yote hiyo ni kwa sababu wakikua wanapelekwa Tsavo kujiunga na ndovu wa porini. Nenda Ol Pejeta huko huko Laikipia, kuna hifadhi ya sokwe tangu 1993, sokwe wanaangaliwa kwa umbali na ua katikati, maana mafua ya mtoto wako ambayo yanaisha kwa chai ya tangawizi yanaweza kumuua sokwe. Hapo hapo ndio wanaishi Najin na Fatu, vifaru weupe wa kaskazini wawili waliobaki dunia nzima, mama na binti yake, baada ya yule dume Sudan kufa Machi 2018. Wanalindwa masaa 24. Hakuna mahali serious mtoto wa kambi atapewa mnyama kama huyo ashike.

Sasa usidhani nasema asiende. Kazi ya kutunza wanyama ambayo mtoto wa miaka 13 anaweza kufanya iko na ni tamu sana, ni vile tu haitokei vizuri kwa picha. Kusugua mabirika ya maji mpaka ule ute wa kijani utoke, kutoa samadi zizini, kukatakata chakula na kupima. Kutembea na ranja wakitafuta mitego ya waya. Na huko Laikipia kuna mpungate, ile dungusi ya kigeni yenye matunda ya zambarau, imeenea vibaya, inameza malisho na ile miba midogo midogo ya matunda inaingia mdomoni mwa mbuzi na ng'ombe hadi mnyama anashindwa kula. Watoto ishirini wenye glavu nzito na mtu mzima wa kuwaongoza, hiyo asubuhi moja wamesaidia wanyama kuliko kukumbatia duma mwaka mzima. Kwa hivyo swali lako kwa kambi liwe hivi: mtoto wangu saa mbili asubuhi atakuwa anashika nini, na nani amesema hiyo kazi inahitajika?

Kama kuna mbwa ama punda pia uliza kama wamechanjwa. Kichaa cha mbwa bado kiko nchini na wanaoumwa wengi ni watoto. Akiumwa au kukwaruzwa, kidonda kinaoshwa na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili halafu hospitali siku hiyo hiyo kuanza sindano, hata kama mbwa anaonekana mzima.

NesiWaUsiku
Naongeza juu ya pumu maana hapo juu kuna kazi ya zizi. Vumbi la nyasi kavu na baridi ya usiku Nanyuki ni vitu viwili vinavyoamsha kifua, na Agosti huko usiku ni baridi kweli. Haimaanishi akae nyumbani. Mpeleke kliniki wiki chache kabla wamwangalie, kama ana dawa ya kuzuia ya kila siku asiikatize ati kwa sababu ako likizo. Inhela ziwe mbili, moja mfukoni mwake, si kwa begi kwa hema, nyingine kwa mwalimu. Andika kwa karatasi dalili zake na namba zenu, na uulize hospitali ya karibu ni gani na kuna gari linalobaki kambini usiku. Zizini avae maski, abaki upande wa kuosha maji, kufagia nyasi waachiwe wengine.

Njoro_Pipeline
Kwa heshima, 28,000 kwangu ni karo. Kama mtoto anapenda wanyama mbona asianzie hapa hapa Nairobi? KSPCA, lile shirika la kutetea wanyama pale Lang'ata, kuna mbwa, paka na punda waliookolewa, piga simu uulize utaratibu wao kwa watoto. Wildlife Clubs of Kenya iko tangu 1968, uliza kama shule yenu ina klabu. Giraffe Centre pia. Siku kadhaa za hivyo utajua kama ni mapenzi ya kweli ama ni msisimko wa barua.

MamaK_Donholm
Njoro umesema ukweli na Jumamosi tutaanza na hiyo ya Lang'ata. Lakini kambi bado nataka kuijua vizuri. Anaogelea kidogo tu, alifunzwa gredi ya nne.

Mpanda_Ngong
Basi uliza sana hapo kwa maji ya bluu. Ile daraja ya juu ni kama mita 450, ina neti pande zote, mwenye uoga anaenda polepole na anamaliza. Maji ndio yanataka macho. Ni baridi ya kukata pumzi na kuna mahali ni kina kirefu, watoto wakiona wenzao wanaruka wanaruka pia. Kuwe na jaketi za kuelea na mtu anayejua kuokoa, si mwalimu amesimama na filimbi. Wakisema mvua imenyesha mlimani na hawaendi mtoni, washukuru. Mnakumbuka Hell's Gate 2019, watu saba walifagiliwa na maji kwa lile korongo, na mafuriko kama hayo yanaanzia juu pasipoonekana.

MamaK_Donholm
Nimerudi na mrejesho. Nimempigia mratibu, nimemuuliza ile ya saa mbili asubuhi. Amekubali picha ya duma waliitoa mtandaoni na wanaibadilisha. Kazi yenyewe ni siku moja kung'oa mpungate kwa ranchi ya jamii na siku moja kwa shamba lenye punda na ng'ombe, daktari wa mifugo wa kaunti akiwepo, chanjo zimefanywa. Dereva ni wawili, wanatoka saa nne asubuhi wakirudi. Kwa maji jaketi ziko lakini muokoaji hana jina bado, nimemwambia nikipata jina lake na cheti ndio natuma dipoziti. Nimemwambia binti hivyo hivyo, ameshaanza kuuliza mpungate unafananaje.

Wa_Mifugo_Kiambu
Umefanya sawa kabisa. Muonyeshe picha za dungusi na umnunulie glavu za ngozi, zile za mpira miba inapita. Shati iwe mikono mirefu, na kibano cha nyusi kwa begi.

NesiWaUsiku
Na begi la kulalia usinunue jipya, soko la mitumba la Toi ziko nzuri. Chagua zito, ufungue zipu yote kabla ya kulipa.