Alama za ufikivu kwenye jumba la utamaduni: tushike seti ipi?

MchoraMabango
Wakuu, nimepewa kazi ya mabango ya alama za ufikivu (zile zinazoonyesha huduma kwa watu wenye ulemavu) kwa jumba lenye makumbusho, ukumbi wa maigizo na maktaba. Kwa sasa kila mlango una lake: kitimwendo cha zamani kwenye lifti, kile cha mtu aliyeinama mbele vyooni, na dirisha la tiketi lina sikio ambalo sijui lilitoka wapi. Nataka seti moja. Niko kati ya ISO 7001 (kiwango cha kimataifa cha alama za umma), hiyo ya kuinama mbele, na zile 12 za Graphic Artists Guild, chama cha wasanii wa michoro cha Marekani. Mnashaurije?

Pembenne
ISO, bila kuzunguka. Kitimwendo kile alikichora Susanne Koefoed, mwanafunzi wa Denmark, mwaka 1968 (hakikuwa na kichwa, kiliongezwa baadaye). Mgeni wa kokote anakijua. Na vyoo, ngazi, lifti na dawati la maelezo unavipata humohumo, havigombani ukutani.

Magurudumu2
Mimi ndiye mtumiaji, naomba nisikilizwe. Ya zamani inaonekana kama kiti kilichoota mtu. Mpya, iliyoanzia Boston, inaonyesha mtu anayejisukuma, na jimbo la New York liliipitisha kisheria 2014. Wapo wenzangu wasioitaka: si kila mmoja wetu ana mikono ya kujisukuma, na wana hoja. Ila nikibanwa na haja sina habari na mtindo wa mchoro. Nataka mshale, na uanzie getini.

Nukta6
Jamani, mnabishania alama moja tu! Hilo ni jumba la maonyesho. Wapi maelezo ya sauti kwa asiyeona? Lugha ya alama? Maandishi ya mazungumzo kwenye skrini, chapa kubwa, nukta nundu? Zile 12 zilitengenezwa kwa mambo hayo hasa.

Na hilo sikio, kuwa makini. Sikio lenye herufi T linamwambia mtu kwamba ukumbi umetandazwa waya wa sumaku, hivyo ageuze kifaa chake cha masikioni kwenye T, yaani kipokee sauti kupitia waya huo. Kama mfumo wenu ni wa redio au infraredi, atageuza, atakaa mchezo mzima, na hatasikia kitu. Muulize fundi sauti kabla hujachapa.

MchoraMabango
Hilo la T sikulijua kabisa. Basi nikichukua ISO kwa njia na milango, halafu zile 12 kwa huduma za maonyesho?

Pembenne
Inakubalika, mradi fremu iwe moja: mraba uleule, nyeupe juu ya rangi iliyokoza, isiyong'aa, na ukingo wa upana mmoja. Programu ya maonyesho na tovuti zifuate hivyohivyo.

Magurudumu2
Kitimwendo chagua kimoja, jumba zima. Kama jumba liko Marekani, viwango vya shirikisho bado vinadai kile cha zamani.

Nukta6
Usisahau maneno chini ya picha. Asiyeona hafaidiki na mchoro. Anapapasa herufi zilizoinuka na nukta nundu. Wamarekani wanataka herufi hizo ziwe kati ya sentimita 122 na 152 kutoka sakafuni. Bango la juu ya mlango, kwake halipo.

MchoraMabango
Poa. Nabandika za karatasi kwanza, niwaachie wageni wazitumie kabla ya kuagiza za kudumu.

Magurudumu2
Anza na choo.