Solo ndefu kwenye kwaya: inaubeba wimbo au inaumeza?

Mleta mada
Kila baada ya Pasaka na Krismasi maneno ni yale yale. Kwaya ya watu 40 imeimba sauti nne (soprano, alto, teno na besi), lakini mashairi yote matatu amepewa mtu mmoja mwenye maikrofoni mkononi. Misa ikiisha, hawa wanasema "yule dada ametupeleka mbinguni", wale wanasema "kwaya hatukuisikia kabisa". Wimbo mmoja, kanisa moja, saa ile ile. Hoja yangu: solo isizidi theluthi ya wimbo, na mwimbaji wake asipewe maikrofoni ya peke yake. Anayepinga apinge kwa sababu, si kwa upako.

Fundi Mitambo
Kabla ya kumhukumu dada wa watu, waulize wanaolalamika walikaa wapi.

Chukua kanisa lenye urefu wa mita 30, bati juu, vigae chini, spika mbili mbele na mbili nyuma. Sauti ya solo inapita kwenye waya, inatoka spika ya nyuma papo hapo. Kwaya haina maikrofoni, kwa hiyo sauti yake inasafiri hewani kwa kasi ya kama mita 346 kwa sekunde na kumfikia mtu wa benchi la mwisho baada ya milisekunde 87 hivi. Kwa wimbo wa mapigo 100 kwa dakika, hiyo ni karibu moja ya saba ya pigo. Mtu wa nyuma atakuapia kwamba kwaya ilikuwa inaburuta. Wa mbele atashangaa anaongelea kwaya gani. Wote wawili wanasema kweli.

Kuongeza waimbaji nako hakusaidii kama mnavyodhani. Ishirini wakiwa 40, sauti inapanda desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Mwenye maikrofoni akiisogeza kutoka sentimita 20 hadi 10 mdomoni, anapata kama desibeli 6. Yaani kwa kukunja kiwiko tu amewapiku wanakwaya wapya mliowatafuta mwaka mzima. Na ile maikrofoni ya mkononi ukiibana mdomoni inanenepesha besi ya sauti, maneno yanakuwa uji, halafu mtu anaongeza eko juu yake.

Kuna na kundi la tatu, waliosikia kwenye simu. Simu inajirekebisha yenyewe: kiitikio kikilipuka inapunguza, solo ikibaki peke yake inapandisha. Kwenye klipu vinatoka karibu sawa, na mtu aliyeko Dodoma anaandika "kwaya imepoa siku hizi". Huyo hajasikia kwaya, amesikia simu.

Teno Kavu
Fundi, umetetea vizuri, ila kuna ugonjwa ambao mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, haitibu. Ufunguo.

Wimbo umeandikwa doh, yaani nota ya kwanza ya ngazi, ni F. Mwimbaji wa solo anaomba upandishwe hadi A kwa kuwa sauti yake inang'aa huko. Mpiga kinanda anabonyeza kitufe cha kupandisha mara nne, yamekwisha. Hakuna aliyewauliza wengine. Soprano wa kwaya, ambao doh yao ya juu ilikuwa F, sasa wanaifuata kwenye A. Teno nao vivyo hivyo, oktava moja chini yao: nusu wanahamia falseto (sauti nyembamba ya kuigiza), nusu wanachezesha midomo. Besi peke yao ndio wanabaki na raha. Ukiketi pale chini unasikia solo inayometa na kiitikio kilichokonda, unasema kwaya ni dhaifu. Si dhaifu, imevalishwa shati la mtu mwingine.

Ukitaka kupandisha, panda nusu toni (kitufe mara moja), ikizidi sana toni nzima, na ujaribu kwanza na teno. Wakikaza shingo, rudi.

Mlei wa Benchi la Nyuma
Mbona mnazunguka? Sheria ipo. Hati ya Papa Pius X ya 1903 kuhusu muziki mtakatifu, namba 12, inasema sauti ya mtu mmoja isitawale hadi sehemu kubwa ya wimbo wa liturujia ikaimbwa hivyo. Mleta mada yuko sahihi.

Soprano wa Kigango
Endelea kusoma, kaka. Namba 13 ya hati hiyo hiyo inawakataza wanawake kuwa wanakwaya. Soprano na alto ziimbwe na wavulana. Namba 19 inakataza piano, ngoma na matoazi kanisani. Unachagua namba 12, manyanga unayaacha yalie?

Ukitaka hati iliyo karibu na Misa ya leo, chukua ile ya Vatikani ya 1967 kuhusu muziki mtakatifu (Musicam Sacram), namba 16. Inacholaumu ni kwaya kujitwalia kila kitu hadi waumini wakabaki watazamaji. Kwa kipimo hicho kwaya ya sauti nne yenye wimbo usiojulikana na mtu ina kosa kubwa kuliko mwimbaji mmoja ambaye kanisa zima linamwitikia. Na wimbo wa katikati, ile zaburi ya baada ya somo, je? Maelekezo ya Misale ya Kirumi, namba 61, yanamtaka mwimba zaburi aimbe mashairi, waumini wakae, wasikilize, waitikie. Pale theluthi yako itakaa wapi?

Isitoshe, mpangilio wa mmoja kuanza na wengi kuitikia haukuletwa na kinanda. Manju, yaani kiongozi wa kuimba kwenye ngoma, anafanya hivyo hivyo, na hakuna anayesema ameimeza ngoma.

Mlei wa Benchi la Nyuma
Manju hana spika mbili nyuma ya kichwa changu.

Mwalimu wa Nota
Hapo kwenye manju dada ana hoja, lakini manju anajua lini aachie. Hilo ndilo linalowagawa wasikilizaji wetu bila wao kulitaja.

Shairi likiwa na mapigo manne kwa kila kipimo (baa), sauti ya mwisho ya solo ikatwe pigo la tatu. Pigo la nne ni la kwaya kuvuta pumzi, kiitikio kiingie pigo la kwanza. Anayenogewa akaishikilia sauti hadi ndani ya kiitikio anakula silabi mbili za kwanza za kwaya, na mara nyingi silabi hizo ndizo zenye jina la Mungu. Anayempenda mwimbaji anaona ni ufundi. Aliyekuja kusikia maneno anaona ameporwa.

La pili ni Kiswahili chenyewe. Mkazo wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho: a-me-fu-FU-ka. Mwimbaji anapoibeba "ka" mapigo manane kwa mapambo ya kupanda na kushuka, neno linapinduka, na wazee wanasema hawakuelewa japo walisikia kila herufi. Pambo liwekwe kwenye "fu" ya pili. Ila "u" ni ngumu huko juu, koo linabana, ndiyo maana "Yesu" inageuka "Yeso". Dawa ni mtunzi asiweke "u" wala "i" kwenye nota ya juu kabisa, au mwimbaji alegeze taya kidogo na abaki na umbo la "u" midomoni.

Na "Mkombozi": m ya mwanzo ni silabi kamili, ipewe nota yake. Halafu ni ko-mbo, si kom-bo. Anayefumba mdomo kwenye "kom" akasubiri, maikrofoni inanguruma na kwaya nzima inashindwa kujua iingie lini.

Teno Kavu
Ongeza shairi lisilo na kinanda. Solo inaimba mistari minne mikavu, inateleza taratibu, kinanda kikirudi kinaikuta chini kwa nusu toni. Kwaya ishike ipi? Mimi nasema kinanda kiguse doh kwa sauti ndogo kila mwisho wa mstari.

Soprano wa Kigango
Na vigelegele? Mtu akipanda kumtuza mwimbaji noti ya elfu kumi katikati ya shairi la pili, la tatu halisikiki hata kama mikisa ni ya dhahabu. Hilo mbona hamlisemi?

Mlei wa Benchi la Nyuma
Kwa hilo tuko pamoja. Tuzo zingoje nje.

Mleta mada
Wimbo wa katikati nauondoa kwenye hoja, Soprano kanishika. Theluthi kwa nyimbo nyingine nabaki nayo, na maikrofoni vilevile.

Fundi Mitambo
Ukimnyima yeye, wape kwaya. Maikrofoni mbili za kondensa, zinazonasa sauti ya mbali, mita moja mbele ya mstari wa kwanza, juu kidogo ya vichwa, na kati yake ziachane mita tatu ili zisigombane. Yeye abaki na yake sentimita 20, kwenye nota za juu aivute hadi 30. Kwanza pandisha kwaya, solo iwe ya mwisho. Watu wengi wanaanza na solo, halafu kwaya wanaitafutia nafasi.

Mlei wa Benchi la Nyuma
Na spika za nyuma? Letu lina mita 24.

Fundi Mitambo
Zicheleweshe milisekunde 80: sabini za safari, kumi za kufanya sikio liamini sauti inatoka mbele. Kapime kanisa likiwa na watu, si Ijumaa jioni mkiwa kumi na wawili.