Skrini ya inchi 7 kwenye prosesa ya video: picha imesogea na ina vitone

MwanaLangoni, Lamu
Assalamu alaikum mafundi. Ninaunganisha skrini ya inchi 7, yenye pikseli 800 kwa 480, kwenye bodi ya prosesa ya video kwa njia ya RGB sambamba (kila biti ya nyekundu, kijani na bluu ina waya wake), ili nahodha wa boti aione kamera ya chumba cha injini bila kuuacha usukani. Prosesa inatoa biti 18 za rangi ilhali skrini inapokea 24. Picha inaonekana, lakini imesogea kulia hata ukingo wake ukatokeza kushoto, na penye mipaka ya rangi vitone vinachezacheza. Je, ninunue waya bapa mwingine, au nihamie SPI, njia inayopeleka biti moja moja kwa mfuatano, ambayo nyaya zake ni chache?

FundiShela
Waalaikum salaam, ndugu yangu. Usinunue kitu kwanza, kwani hizo ni hitilafu mbili na kila moja ina chanzo chake. Picha iliyosogea lakini imetulia huashiria kwamba nafasi tupu zinazozunguka picha, kabla na baada ya kila mstari, hazikuandikwa sawasawa kwenye programu. Skrini nyingi za aina hiyo huhesabu mstari mmoja kuwa na nafasi 1,056 wala si 800, na fremu moja, yaani picha nzima, kuwa na mistari 525. Kwa fremu 60 kila sekunde, kloki ya pikseli, yaani mapigo yanayopitisha pikseli moja moja, hufika takriban megahezi 33.3. Tarakimu zako zichukue kwenye karatasi ya maelezo ya skrini hiyohiyo, maana bodi aghalabu huja na mipangilio ya skrini nyingine kabisa.

Vitone ninavishuku kwa kloki. Ikiwa prosesa inabadilisha data kwenye ukingo uleule wa kloki (pigo linapopanda au linaposhuka) ambao skrini inasomea, biti husomwa zikiwa bado zinageuka, na ndiyo maana kasoro huonekana pale rangi inapobadilika ghafla. Geuza ukingo wa kloki kwenye mipangilio. Mara nyingi ni biti moja tu ya rejista, kihifadhi cha mipangilio ndani ya prosesa.

Mkomani_Umeme
SPI iache. Fremu moja ya ukubwa huo kwa biti 16 ni biti 6,144,000, kwa hiyo hata kwa megahezi 32 utapata kama fremu tano tu kwa sekunde, na hiyo si video. Kuhusu biti 18, unganisha biti sita za kila rangi kwenye pini sita za juu za skrini, na mbili za chini usiziache zikining'inia: zipeleke kwenye ardhi ya saketi (GND), au uzirudufishe kutoka biti mbili za juu ili nyeupe iwe nyeupe kamili.

MwanaLangoni, Lamu
Ahsanteni. Nimegeuza ukingo wa kloki na vitone vimetoweka. Tarakimu nazo nimeziandika upya, ila picha bado imesogea kidogo.

FundiShela
Tazama kama skrini ina pini ya DE, inayoiambia skrini kwamba data ya picha iko tayari. Skrini ikiwekwa katika hali ya DE huanza kuchora pale tu DE inapopanda, kwa hiyo hakikisha prosesa inaitoa na haikugeuzwa.

BahariniMalindi
Nami naongeza la umeme: betri ya boti huitwa ya volti 12, lakini injini inapochaji huvuka 14, kwa hiyo weka kidhibiti cha volti kabla ya bodi. Taa ya nyuma nayo iendeshwe kwa mkondo usiobadilika. Bodi ipake vanishi dhidi ya chumvi, ila soketi ya waya bapa izibe kwanza, kwani vanishi ikiingia humo pini hazitagusana.