Mjadala: Je, ni lazima mnyama afe ndipo apewe jina?

Swali lililo mezani ni hili: spishi mpya iruhusiwe kupewa jina la kisayansi kwa picha, video au vinasaba peke yake, au mwili wa mnyama uendelee kuwa sharti? Wengi waliokwisha kuchangia wameegemea upande wa kamera. Wanasema kumuua kiumbe ili umpe jina ni ukatili wa zama za Linnaeus, mwanasayansi wa karne ya 18 aliyeanzisha utaratibu wa majina haya, na kwamba hatuwezi kulalamika wadudu wanapungua huku sisi wenyewe tukiwachoma pini. Nawaheshimu, lakini napinga, na mbele nitasema ni wapi nakubaliana nao.

Nianze na kazi yenyewe, maana naona inazungumzwa kwa mbali mno. Mimi nashughulika na nondo wadogo wa rangi ya majivu, mkubwa wao hazidi ukucha wa kidole cha mwisho. Wapange kumi kwenye sanduku, utaapa ni spishi moja. Kisha unakata ncha ya tumbo la dume, unailoweka usiku kucha kwenye maji ya hidroksidi ya potasiamu mpaka nyama iyeyuke, libaki ganda tupu. Asubuhi unalisafisha kwa brashi yenye nywele chache, unalitumbukiza kwenye gliserini na kulisogeza chini ya hadubini. Huyu viungo vyake vya uzazi vina miiba miwili. Yule ana ndoano. Wa tatu hana hiki wala kile. Wale kumi wamegeuka spishi tatu. Huwezi kuliona hilo kwa nondo aliyetua jani, hata kamera yako iwe kali namna gani.

Kisha anachaguliwa mmoja awe holotaipu, yaani mwili mmoja unaobeba jina. Chini ya pini yake kuna karatasi ndogo za mahali, tarehe na aliyemkamata. Miaka mia ikipita, mtu akatilia shaka nilichoandika, hana haja ya kuniamini. Atafungua sanduku amtazame mwenyewe. Kutoa jina bila mwili ni kumuuzia huyo mtu mbuzi kwenye gunia.

Tena mwili hujibu maswali ambayo aliyeuhifadhi hakuwahi kuyawaza. Mwaka 2002 wanasayansi walitangaza oda mpya kabisa ya wadudu, Mantophasmatodea. Oda ni ngazi ya juu sana: vipepeo na nondo wote kwa pamoja ni oda moja, mbawakawa wote ni oda moja. Ya mwisho kutangazwa kabla ya hapo ilikuwa ya mwaka 1914. Na hii mpya haikuanzia porini. Ilianzia kwenye vielelezo, yaani miili iliyohifadhiwa, vilivyokuwa vimelala makumbusho, kimoja kilichokusanywa Namibia mwaka 1909 na kingine Tanzania mwaka 1950, pamoja na visukuku ndani ya kaharabu, yaani utomvu wa miti ulioganda zamani. Waliovikusanya hawakujua walichoshika. Baadaye ndipo wadudu wenyewe wakaenda kutafutwa Namibia na kupatikana wakiwa hai. Nawaomba wanaoyaita makumbusho makaburi ya wadudu walitafakari hilo.

Sheria inasemaje? Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama, toleo la nne lililoanza kutumika mwaka 2000, zinataka spishi mpya itajwe pamoja na kielelezo chake na mahali kinapohifadhiwa. Ila kuna mlango umeachwa wazi: ukitaja picha kuwa holotaipu, inahesabika kwamba umemtaja mnyama aliyemo kwenye picha, hata kama alishatoroka. Mlango huo ndio uliopitiwa mwaka 2015, pale nzi wa Afrika Kusini anayeiga nyuki weusi wanaotoboa mbao alipopewa jina Marleyimyia xylocopae kwa picha tu. Mwaka uliofuata mamia ya wataalamu walitia saini andiko la kupinga. Mwaka 2017 Tume inayosimamia kanuni hizo ikatoa tamko: haikukataza, bali ilipendekeza mwandishi aeleze kwa kina kwa nini hakuna mwili. Kwangu mimi pendekezo halitoshi. Ningetaka liwe sharti.

Kuhusu vinasaba, kuna kisa cha ndege wa Somalia. Alikamatwa, akatolewa damu na manyoya, akaachiwa huru. Mwaka 1991 akatangazwa kuwa spishi mpya, Laniarius liberatus, na jina lenyewe linasifu kuachiwa kwake. Lilikuwa jambo la huruma, nami lilinigusa niliposoma. Mwaka 2008 uchunguzi mpana zaidi wa vinasaba ukaonyesha kwamba hakuwa spishi ya peke yake, alikuwa tu na rangi tofauti na wenzake. Miaka 17 tulikuwa tukihesabu spishi isiyokuwepo.

Kipunji wa Tanzania ananipa ugumu zaidi, na sitamkwepa. Mwaka 2005 nyani huyu wa mlima Rungwe na msitu wa Ndundulu alitangazwa kwa picha, akawekwa kwenye jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Lophocebus. Walimkuta mchache mno, wakaona haifai kumuua hata mmoja. Walifanya sawasawa. Lakini muda si mrefu dume changa likafa kwenye mtego wa mkulima, na kupitia mwili huo vinasaba na fuvu vikaonyesha kwamba picha haikuwa imesema yote. Mwaka 2006 akahamishiwa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Kwa hiyo picha ilitosha kuwaambia watu kwamba yupo na alindwe. Haikutosha kutuambia ni nani.

Hapo ndipo ninapokubaliana na upande wa pili: mnyama aliyebaki wachache asiuawe. Na wapo wale ambao mwili wao haushikiki. Mwaka 2015 roboti ya Marekani iliwapiga video viumbe watatu laini, jamaa ya wale wanaofanana na yavuyavu, karibu mita 3,900 chini ya maji kwenye pwani ya Puerto Rico. Wavu ungewachana vipande, na wanyama wa aina hii wakitiwa kwenye dawa ya kuhifadhia mara nyingi huharibika wasitambulike. Mwaka 2020 walipewa jina Duobrachium sparksae kwa video peke yake. Naikubali kazi ile, kwa sababu kamera ziliweza kupima sehemu zisizofika milimita moja na video imehifadhiwa Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya Marekani, ambako yeyote anaweza kuikagua. Walioiandika wenyewe bado walitamani kupata vielelezo siku za mbele.

Hoja iliyonisumbua zaidi ni ya haraka. Wadudu waliokwisha kupewa majina ni kama milioni moja, na makadirio yanayotajwa sana yanafika milioni 5.5. Kule Clarion-Clipperton, Bahari ya Pasifiki, ambako kampuni zinataka kuchimba madini sakafuni, tathmini ya mwaka 2023 ilikadiria kwamba karibu asilimia 90 ya spishi za wanyama bado hazina jina. Tukisubiri miili, wanasema, watatoweka kabla hatujawaandika.

Lakini tazameni ucheleweshaji uko wapi. Utafiti wa mwaka 2012 ulikuta kwamba kwa wastani kielelezo hukaa miaka 21 tangu kukusanywa hadi kuandikwa kuwa spishi mpya. Miaka 21 kabatini, tayari amekufa! Konokono wa Bahari ya Hindi mwenye magamba ya chuma mguuni alipatikana mwaka 2001, jina rasmi Chrysomallon squamiferum akalipata mwaka 2015, na mwaka 2019 akaingia kwenye orodha ya walio hatarini kwa sababu ya tishio la uchimbaji. Kinachokosekana ni watu wa kukaa kwenye hadubini na mishahara yao. Kamera haitamlipa mtu huyo.

Nimeulizwa pia kuhusu moto wa Makumbusho ya Taifa ya Brazil mwaka 2018, ulioteketeza mamilioni ya wadudu. Ni kweli, mwili nao hupotea, na iliniuma kama msiba. Jibu langu ni kugawa vielelezo: holotaipu ikae nchi alikotoka mnyama, wenzake wapelekwe kwingine, na kila mmoja apigwe picha pia.

Basi pendekezo langu: mwili uwe sharti, isipokuwa pale usipoweza kuhifadhika au kumchukua mmoja kunapoitia hatarini jamii nzima. Msamaha huo ukitolewa, video au picha zote ghafi zihifadhiwe mahali pa wazi. Ambalo sijalipatia jibu ni nani aamue. Tukimwachia mwandishi mwenyewe, kila mtu atasema mnyama wake ni wachache. Tukiwaachia wahariri wa majarida, wengi wao hawajawahi kufika alikopatikana. Mwenye wazo alete.