Mjadala: Maisha ya mwandishi yatangulie kazi yake darasani?

Msahihishaji

Natoa hoja. Ile "historia ya mwandishi" inayoandikwa ubaoni siku ya kwanza, kabla kitabu hakijafunguliwa, iondolewe pale. Sisemi ifutwe. Isogezwe mwisho, baada ya wanafunzi kusoma kazi yenyewe angalau mara mbili.

Sababu zimejaa kwenye karatasi za majibu. Mtahiniwa akishaambiwa kwamba Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, basi riwaya yake ya Kusadikika imekwisha: waziri Majivuno ni mkoloni, Karama ni Mwafrika, kalamu chini. Hataji kwamba Karama anashtakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria. Hataji kwamba utetezi wake umejengwa juu ya habari za wajumbe sita waliotumwa nje, wakarudi na mambo ya maana, wakaambulia adhabu. Hata majina hayatazami, na majina yenyewe ni sifa zilizovishwa kanzu. Nchi inayoogopa raia wake wajue sheria imo kitabuni waziwazi. Kuiona hakuhitaji barua ya ajira ya mwandishi.

Mhakiki Mfaransa Roland Barthes alitangaza "kifo cha mwandishi" mwaka 1967, yaani maana itafutwe katika maandishi, si katika maisha ya aliyeandika. Mitihani yetu, ambayo haichoki kuuliza "falsafa ya mwandishi", nadhani haijapata taarifa ya msiba.

Kaditama

Ndugu Msahihishaji, unamshtaki asiyehusika. Hayo unayoyalalamikia hayakuletwa na maisha ya mwandishi. Yameletwa na nusu ya maisha yake.

Shaaban Robert alizaliwa 1909, akaingia idara ya forodha 1926, na akaendelea kuitumikia serikali ile kwa miongo mitatu na zaidi. Kusadikika ilitoka 1951. Mtu anayelipwa na serikali hawezi kumtaja gavana kwa jina, ndiyo maana nchi ikapandishwa angani na waziri akaitwa Majivuno. Hapo maisha yanaeleza fani: kwa nini fumbo, kwa nini hekaya, kwa nini mahakama ya mfalme na si ofisi ya mkuu wa wilaya. Ukiyaficha maisha hadi mwisho, mwanafunzi ataliona fumbo kama pambo tu.

Sasa nusu ya pili, ambayo ubaoni haiandikwi. Mtu huyohuyo alitunga utenzi mrefu wa Vita Kuu ya Pili akiwa upande wa Waingereza na washirika wao, na serikali ile ikamtunuku MBE, nishani ya heshima ya Uingereza. Mpe mwanafunzi na hili. Hawezi tena kuandika "Majivuno ni mkoloni" akatulia. Itambidi aulize: je, kitabu kinapinga wageni, au kinapinga udhalimu wa mtawala yeyote? Karama hadai ufalme uvunjwe. Anadai ufalme usikilize. Mimi naona jibu la pili lina nguvu, na limenijia kwa kuyajua maisha mengi zaidi, wala si machache.

Bi. Ukurasa

Kaditama, nawe umeruka hatua. Umechukua mwaka wa kitabu ukaufunga kwenye ajira kana kwamba kila kitabu huandikwa mwaka kinapochapwa.

Kati ya tukio na kitabu kuna tarehe tatu: ya tukio, ya kutunga na ya kuchapa. Mfano ni huohuo utenzi wa vita. Vita viliisha 1945, mtunzi akafariki 1962, utenzi ukachapwa 1967. Msomaji anayetazama ukurasa wa chapa peke yake, akakumbuka kwamba 1967 ni mwaka wa Azimio la Arusha, atamfanya marehemu achangie siasa za miaka mitano baada ya kuzikwa. Kufikirika nayo ilitoka baada ya kifo chake, na mtego wake ni huohuo.

Tazama Abdilatif Abdalla, mshairi wa Kenya. Aliandika waraka wa kuikosoa serikali, "Kenya: Twendapi?", mwaka 1968, akafungwa miaka mitatu kuanzia 1969, akatoka 1972, na diwani yake Sauti ya Dhiki ikachapwa 1973. Mashairi yake aliyatunga kifungoni kwa siri, mengine kwenye karatasi za chooni. Hapo tukio na utunzi vimelala chumba kimoja, na mwalimu anayeficha jela hadi kipindi cha mwisho anawanyima wanafunzi ufunguo. Lakini Utenzi wa Maisha ya Adamu na Hawaa ulichapwa 1971, mtunzi akiwa bado ndani. Mwanafunzi mwepesi atasema kufukuzwa peponi ni kufungwa jela. Mwaka wa chapa hauthibitishi hilo hata kidogo, maana mswada unaweza kukaa kwa mchapishaji muda mrefu kabla haujawa kitabu. Swali la kwanza liwe: mswada ulitoka mkononi mwa mtunzi lini?

La pili: nani anasema? Katika shairi la "Siwati" nafsineni, yaani anayesema ndani ya shairi, anashikilia msimamo wake asiuache, na mtunzi alikuwa kifungoni kwa msimamo wake. Wawili hao wamekaribiana hata kuwatenganisha ni ukaidi. Geuza kurasa ufike kwenye "Mnazi". Badi na Alii wanagombania mti mmoja, kila mmoja ana hoja. Abdilatif ni yupi? Anayetaka kumpangia upande aonyeshe beti ambapo mizani inaelemea: hoja ya nani haikujibiwa, na nani anaachiwa neno la mwisho. Akishindwa, aandike kwamba shairi limeuweka ugomvi wazi, naye atapata alama zake.

Mizani Nane

Naongeza la tatu, ambalo watu wa riwaya hulisahau: kaida ya utanzu, yaani mazoea ya aina ya utungo.

Utendi wa Mwana Kupona umebeba tarehe yake ndani, mwaka 1275 wa Hijria, yaani 1858. Mtunzi ni mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Anamwita binti yake, anamwambia alete wino na karatasi, anataja maradhi yake, kisha anatoa wasia. Alifariki miaka michache tu baadaye. Ukisoma haraka utadhani ni shajara ya mgonjwa.

Ila kuagiza wino na karatasi ni mlango ambao tenzi nyingi huingilia. Kumtaja Mungu mwanzoni, kutaja tarehe, kumtaja mtunzi, kuomba dua, vyote ni kaida. Ubeti wa vipande vinne, mizani nane kila kipande, kina cha bahari kikirudi mwisho wa kila ubeti hadi tamati, ni kaida pia. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachokwambia lolote kuhusu mtu huyu mmoja. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutoa: ondoa kila kilichomo kwenye tenzi nyingine za aina hiyo, halafu tazama kilichobaki.

Njia rahisi ni kulinganisha. Shaaban Robert naye alimtungia binti yake Utenzi wa Hati, ameuweka ndani ya Maisha Yangu. Mzazi, binti, wasia, umbo lilelile. Weka tenzi hizo mbili kando kwa kando, upigie mstari mambo yaliyomo kote kuwili. Hayo ni ya utanzu. Yaliyomo upande mmoja tu ndiyo ya kuanzia kudai kwamba "hii ni imani ya mtunzi". Wengi hufanya kinyume: huchukua ubeti wa kumtii mume, ambao ni wa kawaida mno katika mawaidha ya zama zile, na kuufanya siri ya moyo wa Mwana Kupona. Wakati huohuo hawashangai kwamba mwanamke wa 1858 anamiliki wino, anajua arudhi, yaani kanuni za ushairi, na anatia jina lake kwenye utungo. Kwangu hilo la pili ndilo linalonena habari za maisha yake.

Msahihishaji

Bi. Ukurasa na Mizani Nane mnanipa silaha halafu mnasimama upande wa pili. Vipimo vyote hivyo vinahitaji mtu aliyekwisha kusoma kazi. Huwezi kutafuta beti ambapo mizani inaelemea ikiwa hujafungua diwani. Basi maisha yatangulie kwa faida ya nani?

Na mfano mbaya kuliko wote hamjaugusa: Euphrase Kezilahabi, mwandishi wa Tanzania. Alisoma seminari, akaandika riwaya ya Rosa Mistika, 1971. Hitimisho la mtahiniwa: mwandishi anapiga vita Kanisa. Kisha Kichwamaji, 1974: Kazimoto anasimulia kwa "mimi", ni mwanafunzi wa chuo kikuu kama mwandishi alivyokuwa, na mwisho anajiua. Hitimisho: mwandishi amekata tamaa ya maisha. Mwandishi huyo akaendelea kuandika, akapata shahada ya uzamivu Marekani, akafundisha vyuo vikuu Tanzania na Botswana, akafariki 2020. "Mimi" wa Kichwamaji ni msimulizi aliyebuniwa. Kufanana kwao chuo na umri ni malighafi tu.

Kaditama

Nakubali kuhusu Kazimoto, sikubali kwamba imani ya mwandishi haimo. Imo, ila si mdomoni mwa wahusika. Imo kwenye mnyororo wa sababu na matokeo. Katika Rosa Mistika fuata hatua: Zakaria mlevi anamlea binti kwa kipigo na marufuku, binti anafika chuoni hajawahi kujiamulia jambo, uhuru unamkuta hana kinga, anaanguka, na mwisho anajitoa uhai. Mwandishi angeweza kuukata mnyororo huo popote. Angeweza kumlaumu Rosa peke yake, kama hadithi nyingi za maonyo zinavyofanya, lakini kauanzisha kwa baba. Huo ni msimamo kuhusu malezi, na unathibitika bila kujua seminari ilikuwa wapi. Seminari inakuja baadaye, kueleza kwa nini lugha ya dhambi na hukumu inamjia kirahisi hivyo.

Imani nyingine ya Kezilahabi haina mhusika kabisa: ushairi wake. Diwani yake Kichomi, 1974, iliacha vina na mizani, na ugomvi na wanamapokeo, watetezi wa vina na mizani, ukawaka. Kuvunja umbo ni kauli ya mtu kuhusu mamlaka na urithi. Mwanafunzi hujaza kurasa tatu za maudhui asione kwamba kauli kubwa iko kwenye mistari isiyolingana.

Dawati la Nyuma

Swali moja, wakubwa zangu. Na mwandishi mwenye imani chafu je? Knut Hamsun wa Norway alipata Tuzo ya Nobeli 1920, akaja kuwaunga mkono Wanazi, hata nishani yake ya Nobeli akampa Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, mwaka 1943. Tumtoe kwenye orodha?

Bi. Ukurasa

Umeuliza maswali mawili kwa pumzi moja, mwanangu. Kumpa heshima mtu, mathalani kuita ukumbi kwa jina lake, ni jambo la jamii, waamue kwa kura. Kumsoma ni jambo jingine. Riwaya yake ya Njaa ni ya 1890. Kuisoma kama ilani ya 1943 ni kosa la tarehe lilelile nililotaja. Lakini miaka hiyo 53 isitumike kumsafisha pia. Pima kila kazi kivyake: nani anadharauliwa ndani yake, na je, dharau hiyo ni ya mhusika au simulizi yenyewe inaiunga mkono?

Na imani hubadilika, tena hubadilisha vitabu vilivyokwisha kuchapwa. Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa A Grain of Wheat mwaka 1967, kisha 1986 akatoa toleo lililorekebishwa ili mtazamo wa wakulima wake ulingane zaidi na msimamo wake mpya. Darasa lenye nakala mchanganyiko litabishana saa nzima bila kujua kwamba wamesoma maandishi mawili tofauti. Tazama toleo kwanza.

Mizani Nane

Umbali wa muda nao. Mwandishi Adam Shafi alitiwa kizuizini Zanzibar baada ya Rais Karume kuuawa Aprili 1972. Haini ikatoka 2003, miaka 31 baadaye, tena kama riwaya. Usiisome kama usomavyo Sauti ya Dhiki. Aliyetunga akiwa ndani hajui atatoka vipi. Aliyeandika miongo mitatu baadaye anajua nani alipona na nani hakupona, na kuchagua kwake kipi kianze, kipi kifichwe, ni hukumu tayari.

Msahihishaji

Basi nirekebishe pendekezo. Siku ya kwanza: jedwali la tarehe tu, safu tatu za Bi. Ukurasa, pamoja na toleo linalosomwa. Hakuna sifa, hakuna "mwandishi mashuhuri mwenye uchungu na jamii yake". Maisha kamili yaje baada ya kusoma mara mbili. Na swali la mtihani liandikwe "falsafa inayojitokeza katika riwaya hii", wala si "ya mwandishi".

Kaditama

Jedwali nakubali. Swali sikubali. Ukiandika "inayojitokeza" umemwondoa aliyeijitokezesha, na kwa Abdilatif, aliyeilipia kwa miaka mitatu, naona ni kumkosea adabu. Libaki "ya mwandishi", ila mwongozo wa kusahihisha udai vitu vinne: dai, tarehe ya kutungwa inapojulikana, nukuu, na maelezo kwa nini kaida ya utanzu peke yake haitoshi kulieleza jambo hilo.

Msahihishaji

Na asiye na nukuu?

Kaditama

Nusu alama.

Bi. Ukurasa

Sifuri.