Bastola ya Rhino inayotoa risasi kwa chini: walioishika tupeane uzoefu

MwishoWaReli:
Wakuu, habari za jioni. Jana kijiweni hapa Mwanga, Kigoma, kahawa ilitupoa mikononi kwa ubishi. Jamaa kaonyesha kwenye simu rivolva ya Kiitaliano (bastola ya silinda inayozunguka, yenye matundu ya risasi), Chiappa Rhino. Rivolva tulizozoea risasi hutoka tundu la juu la silinda. Hii inatoka tundu la chini kabisa, mtutu umekaa karibu na kidole cha traiga! Nusu ya kijiwe wakasema ni ya kuchezea watoto. Mimi nina kibali na bastola ya kawaida ya kulindia duka, ila hii imenikaa kichwani. Nani amewahi kuipiga? Sio aliyeitazama YouTube, aliyeipiga.

MhaWaUghaibuni:
Shikamooni wakubwa. Mimi mtoto wa Ujiji, siku hizi niko Texas, na huku uwanja wa shabaha unalipia, unakodishwa silaha, unapiga, unarudisha.

Nilipewa ya mtutu wa inchi 6, risasi za .357 Magnum. Nikakaza mikono nikisubiri mdomo uruke juu. Haukuruka. Ulinisukuma kiganjani moja kwa moja, na shabaha bado naiona mbele yangu. Mtutu uko karibu na usawa wa mkono, kwa hiyo ile nguvu haipati pa kuupindulia mkono juu. Silinda nayo si duara, imekatwa pembe sita, inalala bapa kiunoni.

Sasa kilichonitisha. Ile nyundo unayoiona kwa nyuma siyo nyundo. Ni wenzo wa kukoki tu, yaani kuitega tayari kupiga, nyundo halisi imefichwa ndani. Ukishakoki, wenzo unarudi mahali pake, unalala kana kwamba hujagusa kitu. Alama pekee ni kijiti chekundu kinachochomoza juu, upande wa kushoto. Jirani yangu pale, mzungu mtu mzima aliyezoea rivolva za Smith & Wesson, aliikoki, akaghairi, akatazama nyuma, akaona imelala. Akaamini. Akaanza kumgeukia mkewe amwonyeshe, kidole kiko palepale kwenye traiga, na traiga iliyokokiwa haihitaji kubembelezwa. Ilipasua meza iliyokuwa kati yetu. Yule mama alitoa vibanzi kwenye nywele huku anatetemeka, na mume hakupata hata neno la kusema. Msimamizi aliinyang'anya, akatutoa wote nje.

Kwihara:
Kweli kabisa kuhusu huo wenzo. Inapiga vizuri, lakini sura utadhani kifaa cha fundi bomba.

FundiUrambo:
Acheni kudanganyana. Risasi ni ileile, baruti ileile, iweje teke lipungue? Waitaliano wanauza maneno.

MhaWaUghaibuni:
Mzee wangu, nani kasema limepungua? Limebadili njia. Shika ile fupi ya inchi 2, fremu yake ya aluminiamu, upige .357 uone kiganja kitakavyokusimulia.

FundiUrambo:
Nimetengeneza silaha za watu kabla hujazaliwa.

Kwihara:
Magobore, mzee. Sema magobore.

AsaliSikonge:
Mwangaluka. Hiyo ya "imelala" kumbe iko macho imenirudisha mbali.

Msimu wa asali tulipiga kambi porini upande wa Ugalla. Mwenye gobore alikuwa baba mdogo, na kibali alikuwa nacho, msianze. Alfajiri fisi akaja kuzungukia madumu. Baba mdogo akalenga, akavuta. Fataki ya kuwashia baruti ikasema pa! Basi, kimya. Baruti ilishika unyevu wa usiku. Wenye magobore mnajua: likigoma, mtutu unabaki umeelekea porini, unangoja, tena unangoja sana. Yeye ndiye aliyetufundisha hivyo. Lakini kijana mmoja akacheka: "Mzee, hiyo fimbo." Ilimuuma. Akalisimamisha, kitako chini, kiganja juu ya mdomo wa mtutu, akainama kuchungulia ile fataki. Likaitika.

Moshi ulipotawanyika alikuwa amekaa chini anautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Vidole viwili havipo. Tulimfunga kwa shuka, tukampakia kwenye baiskeli tuliyobebea madumu, tukaisukuma kwenye mchanga hadi barabarani. Njia nzima swali lake ni moja: "Fisi kaondoka na dumu langu?" Aliyemcheka ndiye aliyesukuma kuliko wote, analia. Yuko hai, analima tumbaku.

DadaWaKasulu:
Pole kwa baba mdogo jamani. Na fisi je?

AsaliSikonge:
Aliondoka nalo, dada.

DadaWaKasulu:
Huyo fisi anastahili kibali.

FundiUrambo:
Uzi wa bastola umeshakuwa wa fisi.

MstaafuWaPori:
Wanangu, nimekuwa askari wa wanyamapori, nisikilizeni. Rivolva ina upenyo kati ya silinda na mtutu, na moto hutokea hapo kwa pembeni. Kwenye hiyo ya Kiitaliano upenyo umeshuka chini, jirani na mkono wa kusaidia. Nyie mliozoea bastola za magazini mnanyoosha dole gumba mbele. Mtaungua. Mrusi aliuziba upenyo huo zamani kwa rivolva ya Nagant ya 1895, ubunifu wa Mbelgiji: ukikoki, silinda inasogea mbele kuubana mtutu. Risasi saba, ila traiga yake usipoikoki kwanza inataka mtu aliyekula ugali.

Kwihara:
Shikamoo mzee. Na tuwe wakweli, Rhino haikuzuka tu. Mbunifu wake, Emilio Ghisoni, alishatoa rivolva za Mateba zenye mtutu chini. Alifariki 2008, hii haijafika sokoni.

MwishoWaReli:
Ahsanteni. Sasa ninunue au nisinunue?

MhaWaUghaibuni:
Chukua ya milimita 9, risasi zake ni rahisi kupatikana kuliko .357. Ila utahitaji vile vishikizo vya duara vya kushikia risasi.

FundiUrambo:
Usinunue. Ndani vyuma vingi mno. Ikiharibika Kigoma nani ataifungua? Mimi?

Kwihara:
Anza na kibali cha hiyo kwanza, anzia serikali ya mtaa.

AsaliSikonge:
Kaulizie pia kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, akueleze, mtaa wanaweza kukuzungusha.

DadaWaKasulu:
Kaka, nunua mbwa.

MwishoWaReli:
Ninaye. Wezi wakija, yeye ndiye wa kwanza kuingia ndani.